Jogoo wa Kunitoa Kwenye Tuta

Leo nimeaibika, wastaafu wenzangu, na kwa kuwa habari imekwisha kunitangulia sokoni, naomba kwanza nitenganishe mambo. Kwamba nilianguka chooni, na kwamba nimefariki, hayo nimeyasikia tu, kama ninyi. Yafuatayo nimeyaona mwenyewe, ingawa niliyaona nikiwa chali.

Jana binti yangu Rehema alinipigia simu kutoka Morogoro. Anataka nihamie kwake. Anasema siwezi kuishi peke yangu hapa Mabwerebwere baada ya mama yake kututoka. Nilimhakikishia kwamba nguvu ninazo, na kwamba jembe siligusi kabisa. (La kwanza nililiamini.)

Asubuhi nikashika jembe. Masika yamekwisha, na miche ya ngogwe, zile nyanya chungu, niliyoiotesha kwa mbegu za mwisho za marehemu ilikuwa ikidhoofika kwenye makopo. Nikachimba tuta la kuzama, lile la kutunza maji wakati wa kiangazi: refu kama mimi, kina chake cha magotini. Nikapiga magoti humo nisambaze samadi. Goti likagoma! Nikajilaza kidogo ili kulinyoosha. Sikuweza kuinuka tena.

Kupiga kelele? Mwalimu mkuu mstaafu hapigi kelele. Jua likapanda. (Sisimizi nao wakapanda.) Nikatazama mawingu. Mwaka jana, masika yakiisha vivi hivi, tulimchimbia mke wangu udongo huu huu.

Ndipo akapita Mama Shija, muuza dagaa wa Kimamba. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara. Ni mtani wangu, mwenye haki zote za kunidhihaki, hasa penye msiba. Akachungulia.

“Shikamoo, marehemu!”

“Marahaba. Nipe mkono.”

“Tangu lini maiti akaamrisha watu? Hutoki humo mpaka nipate jogoo wangu wa utani!”

Akaketi ukingoni, akajifunga kanga kichwani, akaangua kilio cha kusikika mpaka barabarani. “Uuuwi, mtani wangu! Alikuwa mkali kwa kila mtu, samadi peke yake ndiyo iliyompenda!”

Majirani wakaja mbio, mikono kichwani. Walipoona napepesa macho, hawakuniinua. Walikaa kusikiliza! Simu moja niliiona ikinyanyuliwa juu yangu.

“Mama Shija, mchukue jogoo!”

“Yule mwekundu?”

“Huyo huyo!”

Nikavutwa kwa mikono na miguu, samadi mpaka ndevuni.

Inasemekana picha imekwisha kufika Morogoro. Hilo nalo ni la kusikia, na aliyeituma sitamtaja kwa kuhisi. Asiyekuwapo namwomba asicheke. Waliokuwapo wamekwisha kutosheka. Ninayoweza kuyathibitisha ni haya: jioni hii nimeipanda miche yote, nikiwa nimeketi kwenye kigoda, nayo imesimama. Banda la kuku liko kimya. Simu inaita, jina la Rehema liko kwenye kioo, na sijaipokea.