Kibonyeo cha Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimegonga ukuta wa kinyozi. Ukuta wenyewe umejengwa kijinga, penye kona, mahali ambapo mtu lazima apunge mkono. Nilikuwa nawapungia wateja wake waone nani kapanda pikipiki iliyotengenezwa baba zao wakiwa bado wanatambaa. Hawakupunga. Walicheka, mmoja akiwa na povu hadi mdomoni. Watu wa hovyo.

Usukani umepinda, taa imepasuka, tangi la mafuta limebonyea upande wa kulia. Kiwiko changu pia, lakini hakuna aliyekiulizia.

Pikipiki ni ya baba mkwe. Yuko hospitali, anapasuliwa jicho, anatoka Jumapili. Aliniachia maagizo mawili: ifute vumbi, usiipande. Na vumbi litatokaje bila upepo?

Mke wangu anataka tumwambie baba yake leo hii. Anasema njia ya mwongo ni fupi. Anasema mzee akigundua mwenyewe, mimi sitaigusa tena pikipiki hiyo, na yeye atakosa uso wa kumtazama. Nimemjibu hatagundua. Nina siku sita na spana mbili.

Jumanne, tarehe 4

Nimepita kwa fundi, kumwangalia tu. Anafungua nati moja, anaichomeka kwenye kadibodi, anaandika imetoka wapi. Halafu nyingine. Utadhani anaanika pilipili. Anataka wiki tatu! Nikamwambia kadibodi ni za watu wasio na kumbukumbu. Akasema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda kasi na sikujikwaa. Niligonga. Ni vitu viwili tofauti.

Tangu leo namwita Bwana Kadibodi.

Jumatano, tarehe 5

Nimefungua kila kitu kabla ya chai, hata injini, kwa kuwa spana ilikuwa tayari mkononi. Nati zote nimezitia katika ndoo moja ya mafuta ya taa. Usafi mtupu.

Bwana Kadibodi alipita, akachungulia ndoo, akanipa pole. Pole ya nini? Wivu huo. Kisha akapapasa tangi. Akasema kibonyeo cha kulia ni cha ukuta, ila cha kushoto ni cha zamani sana, na akauliza kama mwenyewe anataka kiondolewe. Swali la mvivu. Nimevigonga vyote viwili kwa ndani, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Tangi linang'aa kama sahani ya wageni. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi maishani mwangu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeunga. Zimebaki nati kumi na moja. Mke wangu kauliza ni za nini. Nimemweleza kuwa watengenezaji wa zamani walikuwa waoga, walizidisha nati. Nikapiga kiki. Injini ikakohoa mara moja, ekzosi ikaniangukia mguuni. Nimeifunga kwa waya.

Si neno. Daktari kamkataza mzee kuendesha mwezi mzima, na jicho litakuwa na bandeji. Pikipiki haihitaji kuwaka. Inahitaji kupendeza.

Jumapili, tarehe 9

Mzee kafika. Kabla ya kuketi ndani alitaka kuketi juu ya pikipiki. Goti lake la kushoto likawa linatafuta kitu. Akapapasa tangi, mara mbili, polepole. Akaniuliza kibonyeo kimekwenda wapi. Nikasema, kwa fahari, kwamba nimekinyoosha, zawadi yake.

Alipapasa mara ya tatu. Kisha akasema kile kibonyeo alikiweka marehemu mkewe, siku ya kwanza mzee alipomfundisha kuendesha. Mkewe aliiangusha pikipiki kwenye jiwe, akacheka hadi akakaa chini. Miaka thelathini na minane goti la mzee limekuwa likikaa mle.

Habari za ukuta alishazisikia. Kinyozi alimpigia simu Jumatatu ileile. Mzee alikwishanisamehe akiwa kitandani, kwa sababu chuma kikipinda hunyooshwa. Jicho lisilo na bandeji likaanza kulia, na mke wangu akatoka nje.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, karibu dakika kumi.

Jumatatu, tarehe 10

Bwana Kadibodi kasema maji yakimwagika hayazoleki. Mke wangu kasema niende nikakae na baba yake, nimwombe radhi, ninyamaze. Ushauri wa watu wasio na nyundo.

Kibonyeo kimoja tu, upande wa kushoto! Bandeji haitoki hadi Alhamisi. Mzee alipolala mchana nikasimama mbele ya pikipiki, nikapima kwa goti langu, nikapiga pigo moja zuri. Limebonyea vizuri kabisa.

Nilipozunguka na kuketi juu yake ndipo nikaona kuwa kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Si neno. Kesho nitabonyeza na upande wa pili, vilingane. Hatagundua.