Kuhusu Jiwe la Kujikunia Ng'ombe Lililopewa Cheo

Shamba la Whinnyfauld,
Balwhinnie.
Jumatatu, baada ya kukamua.

Kwa Bwana Lorimer Haddow,
Katibu, Chama cha Historia cha Balwhinnie.

Ndugu Katibu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi, na miwani iko puani, maana ni ndefu na sina nia ya kuifupisha. Mimi ni Isbel Tulloch, mjane wa Wattie Tulloch wa Whinnyfauld, yule niliyekuletea mayai ya bata ukalalamika kwamba ni makubwa mno.

Nimekisoma kitabu chako kipya cha alama za kale za mji wetu na viunga vyake, jalada hadi jalada. Nakupongeza kwa dhati. Umeishi hapa miaka kumi na miwili tu tangu ustaafu ualimu kule Edinburgh, na tayari umetufundisha mambo ambayo sisi tuliozaliwa hapa hatukuwahi kuyaona yakitokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tumepona kabisa. Tulikuwa tukiugua ukweli.

Hata hivyo nina malalamiko machache. Nimeyapa namba, kwa kuwa nasikia chama chenu hakithamini kitu chochote mpaka kipewe namba.

1. Ukurasa wa nane, msalaba wa soko. Unaandika kwamba yule farasi wa jiwe mwenye pembe moja, aliye juu ya nguzo, alivunjwa pembe yake "na askari wa Kiingereza katika uvamizi wa kikatili." Bwana Haddow, pembe ile ilivunjwa na mume wangu, asubuhi ya mwaka mpya wa 1962, mbele ya bendi nzima ya matarumbeta. Alipanda kumvisha farasi skafu, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "huyu mnyama anapigwa baridi na hamna hata mmoja wenu anayejali." Akateleza, akashika alichokikuta. Mchungaji aliona. Polisi naye aliona, maana ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Waingereza wana makosa yao, na mimi si mtu wa kuwatetea, lakini asubuhi ile walikuwa makwao wamelala.

2. Ukurasa wa kumi na tano, mnara wa njiwa. Umeandika aya nne juu ya mzimu wa "Bibi wa Kijivu" anayelia humo ndani kwa sababu ya mapenzi yaliyovunjika. Nimezisoma nikalia mimi pia, kwa sababu nyingine. Kilio kile kilikuwa cha Wattie na zumari yake ya mfuko. Nilimpiga marufuku kuipuliza nyumbani tangu kuku walipoacha kutaga, akahamia mnarani. Alijifunza wimbo mmoja kwa miaka tisa na hakuumaliza. Roho ya mwanamke yeyote, hata aliyefia mapenzi, ingetuonea huruma mapema zaidi. Njiwa wenyewe walihama, jambo ambalo kitabu chako kinasema lilisababishwa na mabadiliko ya kilimo.

3. Ukurasa wa ishirini na mbili, kisima kitakatifu. Hapa nilisimama nikaenda kuchemsha chai nyingine. Kisima hicho, Katibu, ni bomba la maji lililofukiwa ardhini. Lilitobolewa na uma wa kulimia wa mume wangu mwaka 1974, alipokuwa akitafuta chambo cha kuvulia samaki. Kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, alirarua upande wa shati lake, akaufunga kwenye kichaka ili watu waone pale pana maji wasiteleze. Kesho yake mwanamke mmoja akapita, akaona tambara, akadhani ni nadhiri, akafunga la kwake. Leo kichaka kizima kinavaa vizuri kuliko mimi. Unasema maji yale yanaponya baridi yabisi. Ni maji yale yale yanayotoka bombani jikoni kwangu, na magoti yangu unayajua.

4. Hapa nilikuwa nimeandika juu ya barabara ya malori ya machimbo, ile ambayo halmashauri inataka kuipitisha katikati ya zizi langu na jiko langu. Nimeifuta, maana si kazi ya chama chenu. Nimewaandikia halmashauri mara tano na hawajibu. Akufukuzaye hakwambii toka. Katika nyumba ile Wattie aliniingiza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na sina nyingine. Basi, tuendelee.

5. Ukurasa wa thelathini na moja, wenye picha ya rangi. "Jiwe Kuu la Whinnyfauld, lililosimamishwa yapata miaka elfu nne iliyopita na watu walioabudu jua." Lilisimamishwa Jumamosi, mwezi wa Juni, 1968, na Wattie Tulloch, kwa trekta, minyororo miwili na matusi ambayo sitayaandika. Kila mfugaji wa huku anajua kwamba malisho yasiyo na mti husimikiwa jiwe, ng'ombe wapate pa kujikunia. Sisi tulichelewa kulisimika. Ng'ombe wetu Duchess akawa anajikunia kwenye nguzo ya kamba yangu ya nguo, na mara tatu akaziangusha shuka zangu topeni. Nikamwambia Wattie, "Chagua sasa, mimi au ng'ombe." Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akashuka mtoni, akarudi analiburuta jiwe. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Akaniambia, "Haya bibie, zawadi yako hiyo. Wenzako hupewa pete."

Unaandika kwamba jiwe linaelekea mahali jua linapochomoza katikati ya kiangazi. Ni kweli, na mlango wa zizi uko huko huko. Unaandika pia kwamba ile sehemu laini inayong'aa, usawa wa kifua, ilisuguliwa na mikono ya waumini kwa karne nyingi. Yalikuwa makalio ya Duchess, Bwana Haddow, kwa miaka kumi na minne. Jumapili iliyopita lilikuja basi zima la watu kutoka Glasgow. Bibi mmoja akaweka paji la uso wake pale pale, akafumba macho, akaniambia, "Mama, nasikia joto, kama mtu ananikumbatia." Nilimkaribisha chai.

Na ule uzio wenu wa kulilinda jiwe? Ng'ombe hawalifikii tena. Wamerudi kwenye kamba yangu ya nguo.

6. Sasa tujumlishe. Kila kitu katika mji huu ambacho mtu anaweza kukipiga picha kimepitiwa na mkono mmoja, nao si wa waabudu jua. Nimetafuta katika faharasa ya kitabu chako, herufi T. Nimekuta tauni. Nimekuta tufani. Tulloch hakuna. Ni mwaka wa tatu tangu nimzike. Kaburi lake lina jina na tarehe mbili, basi. Naogopa, nakwambia wazi, kwamba siku nitakapomfuata hapatakuwa na mtu anayejua kwamba alipita hapa. Hilo ndilo linaloniuma, mengine yote ni maneno tu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo. Kwamba vibao vyote vinne mlivyovisimika kwenye alama hizo ving'olewe na kuwekwa vya shaba vyenye jina lake. Kwamba toleo la pili la kitabu liitwe kwa jina lake, na wewe utajwe ndani kama msaidizi. Kwamba barabara kuu ya mji, ambayo sasa inaitwa Barabara Kuu bila aibu, iitwe ya Wattie. Kwamba kila mwaka mpya wajumbe wote wa chama wapande msalaba mmoja mmoja kumvisha farasi skafu, ukitangulia wewe. Na kwamba ufike hapa ukiwa umevaa tai, ufungue uzio, umwombe radhi Countess, mjukuu wa Duchess. Yeye ni mpole, atakusikiliza, ila usimwendee kwa nyuma.

Mkikataa, nitakuja kwenye mkutano mkuu na picha niliyoipiga siku ile ya Juni: Wattie, trekta, na Jiwe Kuu lenu likiwa nusu shimoni nusu nje. Nimeiambatanisha uione kwanza.

Nisalimie mkeo, mweka hazina na mbwa wake, wajumbe wote hata wale wanaosinzia mikutanoni, na bibi yule wa Glasgow akirudi.

Wako katika kuutafuta ukweli, hata kama wenzangu wameuchoka,

Isbel Tulloch (Bi.)

N.B. Mtu wa posta amefika kabla sijafunga bahasha. Halmashauri wamejibu. Barabara ya malori itapita jikoni kwangu mara theluji itakapoyeyuka, isipokuwa kama jiwe lililotajwa katika kitabu chako litathibitika kuwa la kale kweli, kwani lori haliruhusiwi kupita karibu na jiwe la namna hiyo. Kutoka jiwe hadi jiko langu ni hatua arobaini. Nimetoka sasa hivi kuzipima, na slipa zangu zimelowa. Mkaguzi anakuja Alhamisi, atatuuliza mimi na wewe.

Kwa hiyo tafadhali yafute malalamiko yote, la kwanza hadi la sita. Jiwe lina miaka elfu nne, ukipenda sema tano. Nililikuta hapa nilipoolewa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mtulivu ambaye hakuwahi kuendesha trekta, wala kupanda msalaba, wala kupuliza kitu. Uzio uache, shuka nitaanika ndani. Ile picha niliyosema nimeiambatanisha sijaiambatanisha, iko chini ya godoro.

Barua hii nilitaka kuichoma. Niliifikisha hadi mdomoni mwa moto wa jiko, lakini nimemwandika Wattie humu tangu juu hadi chini, na mkono ulikataa. Isome mara moja, ili awepo mtu mmoja mwingine anayejua, halafu uichome wewe.

Jambo la mwisho. Upande wa kaskazini wa jiwe, shubiri moja chini ya nyasi, zimechongwa herufi W na I, na katikati yake ng'ombe aliyechorwa vibaya sana. Mkaguzi akiziona, mwambie hayo ni maandishi ya watu wa kale na wataalamu bado hawajajua maana yake.