Dada Yangu Akishona, Mafuta kwenye Turubai

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametangaza vita. Ametangaza kwa upole, huku akinimiminia chai, ndiyo maana sikushtuka mapema. Amesema mwisho wa mwezi huu chumba cha uani kitakuwa cha cherehani. Cherehani tatu! Chumba cha uani ndimo ninamochorea. Nikamuuliza mimi niende wapi. Akajibu kwamba nyumba ni yake, kazi ya ushonaji imemzidi pale barazani, na kwa miaka sita aliyonikalisha humo bure hajaniona nikichora kitu zaidi ya viti.

Uongo mtupu. Kuna ndoo pia.

Kichwa changu hufanya kazi vizuri nikiudhiwa. Saa nne nilikuwa Ukumbi wa Sanaa, mbele ya meza ya Bibi Rejista, mama anayetunza kitabu cha kazi za wasanii wote wa mji huu. Kila picha ina mstari wake: namba, jina, vipimo, mwaka, mwenyewe. Unajaza fomu, yeye ananakili, anagonga mhuri, basi. Picha yenyewe haiangaliwi mpaka iteuliwe kwa maonyesho. Mwanya huo niliugundua zamani. Katika rejista nina kazi kumi na moja. Zilizopo duniani ni nne.

Si udanganyifu. Ni kuwahi nafasi. Majina mazuri ni machache na wezi ni wengi. Niliwahi kuwa na "Ukimya wa Adhuhuri" kichwani, nikazembea wiki moja tu, mwenzangu mmoja akaliandikisha. Kalitia kwenye picha ya punda! Tangu siku hiyo jina likinijia nalikimbiza mezani kwa Bibi Rejista, picha itafuata. Haifuati, lakini hilo ni jambo jingine.

Leo nimeongeza la kumi na mbili: "Dada Yangu Akishona". Mafuta kwenye turubai. Mita mbili kwa moja na nusu. Mwaka jana. Hapo kwenye mwaka ndipo nilipotumia akili. Ningeandika mwaka huu, Dada angejua namchora kwa sababu ananifukuza. Mwaka jana ni mapenzi matupu.

Jioni nikamwonyesha nakala yenye mhuri. Akaisoma mara mbili. Halafu akajifuta jicho kwa ncha ya ile futi ya kupimia inayomning'inia shingoni. Habari za chumba hazikutajwa tena, na nimeongezewa wali bila kuomba.

Jumanne, 4 Machi

Dada anataka kuiona picha. Nimemwambia imefungiwa kwenye stoo ya Ukumbi, kwa usalama. Akaridhika. Kumbe nusu ya wateja wake ameshawaambia. Mwalimu Mkuu, mteja wake mkubwa na mwanamke wa sauti, alikuja asubuhi na kitambaa alicholetewa na bintiye kutoka safarini. Mita sita, zambarau, miavuli midogo ya njano kila mahali. Alitaka gauni refu la mikono mirefu. Kabla ya kupimwa akanipa mkono na kunipongeza kwa kumthamini dada yangu. Nikainamisha kichwa, kama wasanii wanavyofanya.

Dada amekagua chumba changu, eti aone ninavyoishi. Akasikitika kuona dirisha nimelibandika magazeti. Nikamwambia mwanga hauwezi kunizuia kufikiri. Sijui nilimaanisha nini, ila alitikisa kichwa kwa huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Barua ya kamati. Wamepitia rejista na kuteua kazi kumi za maonyesho. Hawakuteua "Kiti Kilichochoka", ambacho kipo. Hawakuteua "Ndoo na Kivuli Chake", ambayo ipo. Wameteua "Dada Yangu Akishona", tena ukuta mkuu, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote! Ifikishwe Ijumaa ya tarehe 14. Nani aliniambia niandike mita mbili?

Bwana Machweo amekuja kunipongeza huku uso umemkunjamana. Huyu ni mchoraji jirani, huchora jua likizama, hana jingine. Picha zake zote zinaitwa Machweo, kuanzia Machweo Na. 1 hadi Na. 34. Na zote thelathini na nne zipo! Mtu asiye na hata chembe ya ubunifu. Yeye amepangiwa ukuta wa karibu na choo. Kama ningekuwa na picha, leo ingekuwa siku ya raha kuliko zote maishani mwangu.

Dada alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu ya kwanza: kubadilisha jina. Nilimwendea Bibi Rejista nikamweleza, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba "Kiti Kilichochoka" na "Dada Yangu Akishona" zilibadilishana majina kwa bahati mbaya. Akaniuliza kama dada yangu ana miguu minne. Nikasema katika sanaa kiti kinaweza kusimama badala ya mtu. Akasema katika rejista hakiwezi. Jina likishaandikwa halibadiliki ila kwa barua, picha ya ushahidi, na yeye kuiona kazi yenyewe kwa macho yake. Nikasema basi. Akauliza basi nini. Nikasema basi tu, nikaondoka.

Mbinu ya pili: kuichora. Imenijia njiani, nikasimama katikati ya barabara kwa hofu.

Jumapili, 9 Machi

Mateso. Siwezi kumwomba Dada akae nimchore, kwa kuwa alishachorwa mwaka jana. Kwa hiyo nimetoboa tundu kwenye gazeti la dirishani na kumchungulia pale barazani. Turubai la ukubwa ule sina. Nina shuka. Nimelipigilia kwenye fremu ya kitanda na kulipaka chokaa na gundi. Kuanzia leo nalala kwenye godoro, chini.

Uso: mara ya kwanza umetoka kama wa marehemu baba. Mara ya pili kama wa Bwana Machweo. Mara ya tatu kama wa Bibi Rejista, tena ameudhika. Nimeufuta. Dada sasa ameinama, kinaonekana kilemba peke yake. Mikono ndiyo imenishinda kabisa. Vidole saba upande mmoja! Na fundi asiye na mikono ni fundi gani?

Halafu ukombozi. Kitambaa! Dada alikuwa akishona kile kitambaa cha zambarau, kirefu, kimemmwagikia magotini hadi sakafuni. Nikaleta kitambaa juu, kikafunika mkono wa kulia. Nikakileta tena, kikafunika wa kushoto. Na kitambaa naweza! Kila kunjo limekaa mahali pake. Kila mwavuli una mbavu nne na mpini uliopinda. Hata pete za chuma zilizopangwa juu ya pindo nimezichora, moja moja, nane, zinang'aa. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii, na nakiri machozi yalinilengalenga pale dirishani.

Jumatano, 12 Machi

Rangi haikauki. Rangi za mafuta hutaka wiki, mimi nina siku mbili. Nimeazima pasi ya Dada bila kumwambia, nikawa naipitisha karibu na picha, bila kugusa. Nimegusa mara moja tu, miavuli mitatu ikaungana. Dada ametafuta pasi nyumba nzima, akamshuku jirani.

Mwalimu Mkuu alikuja kuchukua gauni. Halina mikono! Dada amemwambia kitambaa kilinywea kilipofuliwa, hakikutosha. Mwalimu Mkuu alilalamika kwa sauti ya paredi ya shule, kisha akalikubali, akasema atalivaa Jumamosi kwenye maonyesho. Sikufuatilia. Mambo ya nguo si fani yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikisha. Mimi mbele, Bwana Machweo nyuma, maana peke yangu nisingeweza kuibeba. Njia nzima alikuwa akinusa na kuuliza mbona inanuka mbichi. Nikamwambia ni vanishi. Akaniuliza dada yangu yuko wapi kwenye picha. Nikamwambia yumo ndani ya kitendo. Akatikisa kichwa hadi tulipofika, jambo ambalo nililichukua kama heshima.

Bibi Rejista akapima kwa futi yake. Imepungua sentimita nne. Akaandika. Akaona ua la shuka kwenye kona, akaandika. Akachapa kibandiko, akakibandika ukutani: jina langu, jina la picha, mwaka jana. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaangalia. Ukuta mkuu. Jina langu. Chumba kimepona.

Jumamosi, 15 Machi

Sina nguvu za kuandika. Lakini lazima iandikwe.

Dada alikuja amependeza, na wateja wake saba. Akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Hakuuliza uso wake uko wapi. Alikuwa ameikodolea macho ile miavuli, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nilidhani ni fahari.

Ndipo akaingia Mwalimu Mkuu. Ndani ya gauni lile lile! Zambarau mbele ya zambarau, miavuli mbele ya miavuli. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani tumepanga. Yeye mwenyewe alifurahi mwanzoni, akasema kitambaa chake kimepata umaarufu. Halafu akavaa miwani. Akasoma kibandiko: mwaka jana. Akasema haiwezekani, kitambaa hiki kimeingia mjini Jumanne ya wiki jana, na mwingine kama hiki hapa hakuna.

Dada akakirukia kile kibandiko kama mtu anayezama. Akasema kwa haraka kwamba basi ni kitambaa kingine, kinafanana tu, mwaka jana kulikuwa na vitambaa vingi vya miavuli. Akaniangalia. Nikasema ni kweli, vilijaa. Bibi Rejista akasogea, akafungua kitabu chake pale pale, akatamka kwamba rejista inasema mwaka jana, na rejista haisemi uongo. Kwa dakika nzima tulikuwa tumeokoka sote wawili! Sijawahi kumpenda mwanamke yule kama wakati huo.

Mwalimu Mkuu akanyoosha kidole akagusa mwavuli. Kidole kikarudi na rangi ya njano.

Ukumbi mzima ulikiangalia kile kidole. Bibi Rejista akakinusa. Mwalimu Mkuu yeye alikuwa ameshahama, anahesabu pete za chuma. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Machweo kule chooni, ni gauni gani hilo lenye pete nane kama la kutundikwa. Akajijibu mwenyewe kwamba ni pazia. Akasema mikono ya gauni lake hiyo hapo, imeshonwa pazia, na mchoraji Mungu ambariki ameichora yote, hakuacha hata mwavuli mmoja!

Dada alitoka, na wateja wakatoka nyuma yake, ila si kwa kumfuata. Bibi Rejista akakibandua kibandiko changu kwa ukucha, polepole. Kabla sijafika mlangoni, Machweo Na. 35 ilikuwa imeshatundikwa ukuta mkuu.

Jumapili, 16 Machi

Dada haongei nami. Nilijiandaa kumgombeza. Yeye ndiye aliyekata kitambaa cha watu, mimi nilichora nilichokiona! Niliingia chumbani kwangu nikiyapanga maneno, nikalikuta pazia. Limepigwa pasi, limekunjwa, liko juu ya kiti. Juu yake kikaratasi cha mwandiko wake, cha tarehe 10: mdogo wangu, magazeti hayafai kwenye dirisha la msanii, hii ni asante ya ile picha ya mwaka jana, nitalitundika siku ya maonyesho.

Nikaketi sakafuni. Hakupata kuiba kitambaa cha mteja miaka yote hiyo, kaiba kwa ajili yangu, kwa asante ya picha ambayo haikuwepo. Niliona aibu, aibu hasa. Kisha nikalishika pazia. Miavuli ina mbavu tano! Mimi nilichora nne. Nikaona kwamba Mwalimu Mkuu angehesabu mbavu badala ya pete, tungepona.

Jumatatu, 17 Machi

Cherehani zimeingia chumbani. Mimi na viti vyangu tuko kwenye ujia, karibu na mlango wa bafu. Dada anamshonea Mwalimu Mkuu mikono kutokana na lile pazia. Ukumbini Bibi Rejista ameipigia mistari yangu minane wino mwekundu, kwa rula. Kazi zimebaki nne. Ameniambia kwa mara ya kwanza kitabu chake hakina uchafu.

Asubuhi nilitaka kumwomba Dada radhi. Nilisimama nyuma yake muda mrefu tu. Na radhi tupu, mkono mtupu, ina uzito gani? Mtu anahitaji kuona kitu.

Nikakumbuka kwamba maktaba ya mji nayo imefungua rejista yake ya wasanii. Karani ni mgeni, mpole, anaamini kila anachoambiwa. Saa tano nilikuwa pale. Nimejaza fomu, imegongwa mhuri, nakala ninayo mfukoni, namsubiri Dada amalize mkono wa pili ndipo nimwonyeshe. Nina hakika atalainika. "Dada Yangu Akinisamehe". Mafuta kwenye turubai. Mita tatu kwa mbili. Mwaka juzi.