Picha Yangu Juu ya Meko

Jumatatu, 1 Juni
Nimeamua. Wiki hii rafu ya juu ya meko ni yangu. Meko yenyewe, ya kuotea moto sebuleni, haijawashwa tangu tuhamie Ingleburn, huku ughaibuni; mwenye nyumba aliiziba kwa ubao. Lakini rafu! Kila mgeni akiingia sebuleni hutazama pale kwanza. Na anachokiona ni picha ya dada yangu Jerotich katika joho la mahafali ya uuguzi, amesimamishwa juu ya kitambaa cha kufuma. Miaka miwili nimewaandalia chai akina mama wa ushirika wa kanisa huku wakimsifu yeye. Nina shahada ya uzamili. Kazi yangu hapa ni kukunja mashuka ya nyumba ya wazee.

Jumatano, 3 Juni
Nimesoma jarida zima la mapambo. Vitu vichache, rangi moja. Vitambaa vimeingia kabatini. Jerotich amehamia kando ya kisanduku cha intaneti. Picha yangu ya mahafali nimeichapisha upya: kubwa, nyeusi na nyeupe. Natazama mbali.

Ijumaa, 5 Juni
Maua meupe kila upande. Mishumaa miwili. Jerotich ana zamu mfululizo, hajaona kitu. Utulivu! Hadhi!

Jumamosi, 6 Juni
Akina mama walifika saa nane, Jerotich bado kazini. Nikawafungulia, nikarudi jikoni kwenye maziwa. Mara wimbo kutoka sebuleni. Wa polepole mno.

Niliingia na sinia. Rispah, mmoja wao, alikuwa analia. Mama Cheryl, mwenyekiti wao, akanishika mkono, akanipa pole, akaniita mami, akauliza marehemu wa pichani alikuwa nani wangu.

Nikasema tulikuwa karibu.

Ningewaambia ukweli, naapa. Lakini alikwishaanza kuomba. Akamshukuru Mungu kwa elimu yangu, kwa akili zilizoonekana usoni, kwa unyenyekevu wangu. Miaka miwili! Nikaitika amina. Alipofumbua macho akaniomba sukari.

Jerotich aliingia saa kumi, akapokewa kwa vilio. Akatazama rafu. Akanitazama. Akawaambia marehemu ndiye huyo mwenye birika, na anayetaka kuongezewa chai aseme.

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mama Cheryl alinikagua, akaikagua picha, akanikagua tena. Akasema kwenye picha nimependeza zaidi.

Jumapili, 7 Juni
Jerotich amerudi katikati, na vitambaa vyake vyote. Mimi niko chini ya kitanda. Anasema nikitaka kuonekana niketi na wageni, nizungumze nao. Upuuzi.

Nimetafakari kutwa nzima, kosa nimeliona: picha ilikuwa ndogo. Nimeagiza nyingine, kimo cha mlango. Maua yatabaki yale yale.