Wingu Letu Limekaa Ujiji, na Ufunguo Ninao Mimi

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Leo nimekuwa mtu mkubwa.

Ushirika wetu wa mawese umefunga wingu lake wenyewe. Limefungwa wapi? Kwangu. Chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya madebe. Zamani hesabu zetu zilikaa kwenye kompyuta za watu wa mbali, mtandao ukikatika tunabaki kama yatima. Sasa ziko hapa Ujiji. Mashine tatu nyeusi ndani ya kabati la chuma. Matawi ya Katubuka, Buzebazeba na Mwandiga yote yanaandikia humo.

Fundi ni Lyse, binti wa watu waliotoka Burundi. Baba yake nilimfundisha kukwea mchikichi. Msichana amesoma, na bado ananiamkia kwa adabu. Nilimuuliza wingu lenyewe liko kwenye mashine ipi. Akasema haliko kwenye moja, liko kwenye zote. Kila kitu cha maana kinakaa nakala tatu, na mashine moja ikifa kazi zake zinahamia kwa wenzake, wala mtu hajui. Ni kama watoto waliolelewa vizuri, mmoja akiugua shamba halilali.

Ufunguo wa chumba nimekabidhiwa mimi. Mchana nikapita kwa mchonga funguo sokoni. Shughuli binafsi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Lyse kuwa mlinzi asiye na cheo ni sanamu. Akanifungulia akaunti ndani ya wingu. Cheo: mtazamaji. Naona kila kitu, sigusi kitu. Yeye ni msimamizi, ndiye anayegusa. Nimelitafakari jambo hili. Chifu hagusi, anatazama. Wanaogusa ni watumishi. Nimeridhika.

Kwenye simu yangu kuna taa tatu za kijani, kila mashine na taa yake. Nimeshawaonyesha msikiti mzima.

Kisha akaja Telesphory, mkuu wa tawi la Mwandiga. Anasema unyevu wa ziwa utaozesha mitambo, na Jumamosi kwenye mkutano ataomba wingu lihamie kwake, Mwandiga, kukavu. Akaongeza kwamba mimi, Hamdani, hata redio yangu nimeifunga kwa kamba ya mgomba. Nikamjibu kuwa inaongea. Akasema hata yeye anaongea, lakini hajafungwa kamba. Watu wakacheka. Nami nitalikumbuka hilo.

Likihama, mimi ni nani? Mzee anayelinda madebe matupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mke wangu Shadia ana dagaa wabichi kutoka Kibirizi na hakuna jua la kuwaanika. Anasema mume wake analinda wingu la watu huku wingu la Mungu linamwozea dagaa. Maneno makali kwa mtu mwenye cheo.

Nikaingia chumbani kufikiri. Mbele ya kabati ni baridi kama asubuhi ya Kasulu, kiyoyozi kinavuma. Nyuma? Joto. Joto kavu, la kupuliza, mchana na usiku, linapotea bure ukutani. Msomi gani aliliona hilo? Hakuna. Nimeliona mimi, niliyeishia darasa la pili.

Jioni nimepanga chanja za waya nyuma ya mashine ya kwanza, dagaa juu yake. Lyse yuko Katubuka, anaunganisha tawi. Harufu ilianza kutoka mlangoni, basi nimefunika kwa turubai. Nimebana kila upande. Kazi safi.

Ijumaa, 11 Aprili

Dagaa wanakauka kama wamepata jua la Juni. Shadia ameonja mmoja, akala wa pili.

Taa ya mashine ya kwanza imegeuka njano. Baada ya swala, inaelekea wekundu. Mtu wa mawese hahitaji kuelezwa. Chikichi likiwa jekundu limeiva. Mashine ya kwanza imeizoea kazi kuliko wenzake. Mwandiga wataona kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkutano barazani kwangu. Lyse ametundika shuka ukutani, hesabu zinaonekana juu yake kubwa kama mabango. Kule Mwandiga, karani wao Dismasi alikuwa anapokea mawese ya wakulima, na kila debe analoandika linatokea kwetu papo hapo. Wazee wakasahau chai.

Telesphory akasimama kuuelezea unyevu. Hajafika mbali, taa nyekundu kwenye simu yangu ikazimika mbele ya macho yake. Mashine ya kwanza imejizima yenyewe. Telesphory akatangaza kwamba wingu la Hamdani limekufa, tusome dua. Lyse akasema iliyokufa ni mashine, wingu lipo, tazameni ukutani. Tukatazama. Madebe ya Dismasi yanaingia tu. Telesphory hakuamini, akampigia Dismasi, akamuuliza ameona nini. Sote tukasikia jibu: ameona foleni ya watu na bosi anayemsumbua.

Nimeishi miaka mingi, sijaona kitu kizuri namna ile. Mwenzao ameanguka, wawili wamebeba mzigo wake bila hata kuguna. Macho yalinilowa, nikasingizia moshi wa jikoni.

Kisha nikasimama, nikawaambia kuwa jaribio lile nililipanga mimi. Makofi.

Nikafungua mlango, Lyse akaingia chumbani. Alipotoka alikuja polepole mpaka kwangu, akaniwekea dagaa mmoja kiganjani, akanyoosha mkono wake mtupu. Nikampa ufunguo. Wanachama aliwaambia mashine imepata joto, kesho itarudi. Binti wa watu.

Kura zikapigwa. Wingu linabaki Ujiji. Telesphory akauliza mbona chumba kinanuka Kibirizi. Nikasema ni upepo wa ziwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine ya kwanza imepona. Lyse alishinda Jumapili nzima anaitoa magamba kwa brashi. Anasema ilipoamka, wenzake waliinakilia yote yaliyoipita, debe kwa debe. Hakuna aliyeilaumu. Nimemwambia hilo ni somo kwa binadamu. Akasema ndiyo, Mzee, hasa kwa wengine.

Amenieleza pia kwamba nyekundu si kuiva, ni hatari. Mtaalamu kabisa, lakini mchikichi hajaulima.

Leo amekwenda Mwandiga. Mvua haijakoma. Shadia anasema wale dagaa waliisha sokoni kabla hajakunjua kitambaa, na wateja wanauliza wengine.

Nimepiga hesabu. Mashine ni tatu, moja ikizimika hakuna anayejua. Kwa hiyo moja ni ya ziada. Na kuhusu ufunguo, Lyse mwenyewe alinifundisha siku ya kwanza: kitu cha maana kinakaa nakala tatu. Yeye amechukua moja.

Chanja ziko nyuma ya mashine ya pili. Taa imeshaanza kuwa njano. Kesho wataiva.