Pete ya Arvella na Jua la Mtungini

Jumatatu, 10 Aprili 1989
Wiki ya tatu tangu wakemia wawili wa chuo chetu kikuu watangaze kwenye televisheni kwamba wamepata nguvu za jua ndani ya chombo cha kukaa mezani. Maji mazito, waya wa paladiamu, ile metali adimu, umeme kidogo, basi! Mimi nimefunga mabomba ya maji moto Salt Lake miaka thelathini na moja, bila digrii hata moja, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nimepiga simu chuoni kutoa ushauri. Dada wa mapokezi akataka kujua mimi ni profesa wa nini. Nikamwambia wa choo chako kikiziba. Akakata.

Paladiamu imeisha mji mzima.

Jumanne, 11 Aprili
Nimepata! Sonara alituambia zamani kwamba pete ya ndoa ya mke wangu Arvella, dhahabu nyeupe, imechanganywa na paladiamu. Vidole vimemvimba, kaiacha kwenye kisahani jikoni, naye yuko Logan kwa dada yake mpaka Ijumaa. Itarudi kisahanini kabla yake.

Maji mazito nayo hakuna. Nimechota galoni mbili Ziwa la Chumvi. Jirani yangu Thayne Bagley, fundi umeme, mjuzi wa kila kitu, akasema maji mazito ni kitu kingine kabisa, maji ya maabara yenye hidrojeni nzito, Ndugu Huish, hiyo ni chumvi tu. Nikayapima. Galoni moja inazidi ya bomba kwa karibu nusu pauni. Mizani haina wivu.

Jumatano, 12 Aprili
Mtungi wa kioo wa kuhifadhia pichi (pichi nimezila asubuhi, mchana na jioni). Pete ndani. Chaja ya betri ya gari. Kufikia saa nane mchana joto limepanda digrii thelathini na nane! Mapovu! Gereji inanuka kama bwawa la kuogelea.

Hesabu. Joto linalotoka: wati sabini. Bagley, kichwa dirishani, akauliza umeme unaoingia ni kiasi gani. Nimeuandika sifuri, kwa sababu mtungi ukishashika kazi nitautoa humo humo. Akaondoka bila kuaga. Nyumba moja inataka wati elfu tano, yaani mitungi sabini na miwili. Arvella ana mitungi mia mbili na kumi. Yatosha nyumba yetu, ya Askofu wa kanisa letu, na sehemu kubwa ya nyumba ya tatu. Si ya Bagley.

Alhamisi, 13 Aprili
Maji yamekuwa ya njano. Nimeingiza koleo nitoe pete. Hakuna pete! Almasi ipo, imekaa chini peke yake. Nimechuja maji yote kwa soksi. Wapi!

Bagley akaja, akatazama nyaya. Akasema pete nimeibana kwenye waya mwekundu badala ya mweusi, na kwenye maji ya chumvi mwekundu hula dhahabu. Hongera, Ndugu Huish, akasema, umepika supu ya ndoa. Akacheka mpaka akakalia mashine yangu ya kukatia majani. Nikamjibu kwamba pete haijapotea, iko humo yote, mia kwa mia.

Nimefikiria kuhamia Nevada.

Ijumaa, 14 Aprili
Arvella karudi na bakuli la jeli ya kijani yenye karoti. Moja kwa moja kwenye kisahani. Nilikuwa nimeiweka almasi, angalau akute kitu. Akauliza pete yenyewe iko wapi. Nikaleta mtungi.

Akauinua mtungi kwenye mwanga, akautikisa. Akauliza kama umeme ulinipiga. Hata kidogo, mke wangu. Akasema, bahati mbaya. Kisha kicheko kikamshinda, akalazimika kushika meza. Sasa mtungi uko sebuleni kando ya picha ya harusi, na kila mgeni Arvella anamwambia ile ndiyo pete yangu, mume wangu Delmar kaniongezea ukubwa. Ameagiza niwe nimemvalisha nyingine kabla ya Juni. Na nimeapa, mkono juu, kwamba kito chake hakitaingia tena gereji.

Jumapili, 16 Aprili
Askofu Pingree kahubiri juu ya uaminifu, macho kwangu. Nimetubu. Kosa nimeliona wazi: paladiamu ilikuwa kidogo mno. Vito vya Arvella siviguzi, kiapo ni kiapo. Lakini magari ya siku hizi yana chombo cha kusafisha moshi, chini kwenye ekzosi, na humo imejaa paladiamu! Baada ya ibada nikamwambia Askofu kwamba Buick yake inakohoa vibaya, niitazame bure, tena nitaimaliza siku hiyo hiyo atakayoileta. Kanishika mkono kwa mikono miwili, akasema watu kama mimi wamebaki wachache.

Ataileta kesho saa tatu.