Bakteria wa Rhonda Wazinduliwa Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye bado yuko njiani. Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye ni mimi. Wakuu wa idara. Viongozi wa dini zote. Chifu wetu, Naibu wa Chifu na Mama Chifu. Wafadhili wetu kutoka ng'ambo mlioketi kwenye sofa, ambao kwa bahati nzuri hamjui Kiswahili. Wafanyabiashara wa mjini, hasa Bwana Balbir wa duka la rangi. Mabwana, mabibi, na wananchi mliosimama juani: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo!) Hiyo ya pili ndiyo nitaiweka kwenye ripoti.

Kwa wale wasionijua, na sielewi mtu anawezaje kutonijua, mimi ni Hiram Ndung'u, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Kugeuza Uchafu Kuwa Utajiri, mtu ambaye amehudhuria workshop nyingi za maji taka kuliko mtu yeyote hapa Nakuru, na nyingine zilifanyiwa Mombasa, kwenye hoteli, ambako maji taka sikuyaona lakini niliyafikiria sana. (Kicheko nyuma. Makofi mbele.)

Leo hii, mwaka wa 2007, tunazindua photosynthetic bacteria. Msiogope! Ni vijidudu vidogo, huvioni hata ukivaa miwani ya Chifu, ambavyo ukiviweka kwenye maji taka na jua likawaka, vinakula ule uchafu, vinanenepa, vinazaana, maji yanageuka zambarau, halafu sisi tunavikausha, tunavisaga, na ule unga ni protini tupu ya kulisha kuku, nguruwe na ng'ombe. Kwa lugha rahisi, ninyi wananchi endeleeni kwenda choo kama kawaida, serikali itashughulikia yanayofuata. (Kicheko kirefu.) Bakteria hawa hawagomi, hawaombi likizo, na hadi sasa hakuna hata mmoja aliyekuja ofisini kwangu kulilia transfer. Utafiti nilioufanya personally, kwa kufikiri, unaonyesha kwamba stakeholders wote waki-mainstream sustainability mpaka grassroots, utagaji wa mayai utapanda kwa asilimia mia tatu na kumi, wakiwemo majogoo. ("Hata majogoo?") Hata majogoo. Serikali haibagui.

Tangi mmeliona. Maji mmeyaona yalivyo zambarau. Mfadhili mmoja alipiga picha mpaka akatokwa na machozi. Na asubuhi mliwaona wale kuku kwenye kizimba chenye utepe, wanene, wanang'aa, hawawezi hata kutembea vizuri kwa sababu ya protini. (Sauti ya mama: "Hao ni wangu! Nimewalea kwa dagaa wa omena na chakula cha dukani, layers mash!")

Naam! Huyo ni Mama Wariara wa hapa hapa mtaani Rhonda, mfugaji wetu wa mfano, anayesomesha binti yake kwa kuuza mayai, ambaye kwa moyo wa kizalendo alituazima kuku wake wote kwa maonyesho haya. Mama, keti. ("Siketi! Kizimba ni kitupu! Uliniambia watarudi leo!") Mama, serikali ikisema watarudi, watarudi. Tunachojadili ni katika hali gani. (Kicheko.)

Sasa tuweke jiwe la msingi. Vijana, lishusheni kwenye pickup polepole, jamani, hilo jiwe ni mkongwe wa maendeleo, limezindua zahanati kule Bahati na soko kule Njoro. (Mzee mmoja: "Na hiyo zahanati iko wapi?") Mzee wangu, nimesema ilizinduliwa. Nani amesema ilijengwa? (Makofi mbele.)

Nikisema bakteria, mjibu juu! Bakteria! (Juu!) Protini! (Juu!) Maji taka! (Juu!) Hapana, hayo yabaki chini. Uchafu wetu! (Utajiri wao!) Nani amesema wao? Chifu, hebu mwangalie huyo.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Balbir, aliyetoa rangi ya zambarau na kuikoroga mwenyewe kwenye tangi hadi wafadhili wakaridhika. Namshukuru mwenye tangi. Tafadhali leta lori lako ulibebe, tumemaliza. Nawashukuru bakteria wenyewe, ambao hawakuweza kuhudhuria kwa sababu hatujawahi kuwaagiza. Vijana, rudisheni jiwe kwenye pickup, linatakiwa Molo saa nane.

Na zaidi ya wote, namshukuru Mama Wariara. Mama, wewe ni mtu mzima, unajua hatuwezi kumtoa mtu ng'ambo tuje tumpe githeri, mahindi na maharagwe. Mgeni anachinjiwa, ndivyo tulivyolelewa sote. Tena mfadhili akishakula kuku wa mradi, nani atamwambia hakuna mradi? Waheshimiwa, hiyo harufu inayotoka nyuma ya hema leo si ya maji taka. Karibuni chakula!

(Mama Wariara anatoka nyuma ya hema na manyoya mkononi. Hakuna anayepiga makofi, hata mbele.)

Mama, tafadhali, usilie mbele ya wageni. Tumekuwekea supu.